Kesi ya Magogo Yaliyokunywa Maji

Haya ni ya zamani, enzi wanyama walipokuwa wakisalimiana kwanza ndipo walane. Mwaka huo mvua za vuli zilinguruma siku mbili, zikatikisa mlima mzima, kisha zikaghairi. Masika nayo hayakuonekana. Vijito vya mlimani vikakauka kimoja baada ya kingine, kikabaki kimoja tu, kijito cha Kizeze, kilichoteremka kutoka msitu wa juu dimbwi kwa dimbwi, kama bibi anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta.

Kwa nini madimbwi ya Kizeze hayakukauka, hakuna aliyejishughulisha kuuliza. Mwenye kiu haulizi maji yanatoka wapi; huuliza zamu ni ya nani.

Aliyejua alikuwa Bi Kaa. Yeye aliishi chini ya gogo la mkuyu lililoanguka mtoni tangu enzi za bibi yake, likalala kukingama kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yakifika pale yalisita, yakatuama, yakawa dimbwi. Majani makavu yaliyokuja na maji yalinasa kwenye matawi ya gogo yakaoza, wadudu wakala majani, samaki wakala wadudu, na chini ya gogo kulikuwa na kivuli kilichofanya maji yabaki baridi hata saa sita mchana. Kizeze ilikuwa na magogo saba ya namna hiyo, na kila gogo lilikuwa na dimbwi lake. La juu kabisa na kubwa kuliko yote lilikuwa la Mfalme Simba, na hakuna aliyeruhusiwa kuingiza ulimi mle. Lililofuata chini yake lilikuwa la Bi Kaa na raia wengine wote.

Mwaka huo Bi Kaa alikuwa na watoto arobaini na wawili. Aliwabeba chini ya tumbo, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, bado hawajaweza kushika hata jiwe. Maji yakiondoka ghafla, watoto wangeondoka nayo. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha kila alipomwona Fisi akipita ukingoni huku akilamba midomo.

Fisi alikuwa na njaa. Tangu lini hakuwa nayo? Alikuwa amekula fungu lake, akala la jirani, akala na kibuyu kilichobeba mafungu. Sasa alikuwa ameona kwamba samaki wote wa mlima, kwa kukimbia ukame, wamejazana kwenye madimbwi saba ya Kizeze. Tatizo lake lilikuwa moja: samaki wakimwona walikimbilia chini ya gogo, na kila alipoingiza kichwa kuwafuata, kulikuwa na mtu mle ndani anayembana pua. Mtu huyo alikuwa Bi Kaa.

Basi Fisi akaenda kwa Mfalme, akapiga magoti, akaugua kwa sauti.

"Mfalme, tunaibiwa."

"Na nani?" Simba akauliza bila kufungua macho.

"Na maiti."

Hapo Simba akafungua macho yote mawili. Fisi akamwongoza hadi kwenye lile gogo kubwa la dimbwi la kifalme, akazamisha kucha kwenye mti ule laini. Alipozichomoa, maji yakachuruzika.

"Mfalme, mti huu ulikufa kabla wewe hujazaliwa. Maiti ya mti hutakiwa kuwa kavu. Sasa haya maji yameingiaje humu?"

Simba akatazama. Naye akachoma kucha, maji yakatoka. Alikuwa mfalme hodari, ila kufikiri alikuwa akiwaachia wengine.

"Yaani linakunywa?" akauliza. "Dimbwini kwangu? Kabla yangu?"

"Mchana kutwa, Mfalme. Wala halifuti mdomo."

Baraza likaitwa siku hiyo hiyo. Wanyama wakapita mstari kwenye magogo saba, kila mmoja akachoma kucha, pembe au jino, kila mmoja akaona maji yakitoka. "Kumbe!" wakasema. "Sisi tunagombania zamu, kumbe maiti ndizo zinazotumaliza!"

Bi Kaa akapanda juu ya jiwe. "Jamani, magogo hayanywi. Yamelowa tu. Na wewe ukilala mtoni miaka mingi utalowa. Magogo ndiyo yanayoyashika maji yasituponyoke. Yakitoka, maji yatateremka bondeni, na bondeni hakuna mmoja wetu anayeishi."

Fisi akacheka kile kicheko chake. "Wazee wangu, huyu mama hata kwenda mbele hajui. Anakwenda ubavu ubavu tangu kuzaliwa. Tukimfuata tutafika wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Kaa akashuka kwenye jiwe, na kwa bahati mbaya akashuka ubavu ubavu, wakacheka tena. Iliuma. Iliuma kuliko jua la mwaka ule.

"Msaragambo!" Simba akaamuru.

Msaragambo ndiyo ilikuwa desturi ya mlima: baragumu likilia, kila mtu huacha lake akatoka kufanya kazi ya wote. Mlinzi wa baragumu alikuwa mzee Nungunungu, naye hakuwahi kulipuliza kabla ya kutaja masharti. Akakohoa, akaanza: "Msaragambo lazima uwe na mwenyewe. Mwenye msaragambo husimama mahali pa chini kuliko wote. Mwenye msaragambo hula wa mwisho. Kitakachoharibika, mwenye msaragambo—"

"Ni mimi!" Fisi akadakia. "Mwenyewe ni mimi. Nimekubali yote."

"Sijamaliza."

"Mzee, nimekubali hata ambayo hujasema."

Watu wakamsifu kwa kujitolea. Bi Kaa hakumsifu. Alijiuliza kimoyomoyo: Fisi ninayemjua mimi, lini alipenda kula wa mwisho?

Akaondoka kumtafuta Sungura. Alimkuta amelala chali chini ya mti, amekunja miguu, anatafuna jani kwa madaha.

"Shikamoo, Bi Kaa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisaidie."

"Kama ni kuvuta magogo, mgongo unaniuma tangu jana. Tangu niliposikia neno msaragambo."

"Ni kuyazuia yasivutwe."

Sungura akaketi. Mgongo ulikuwa umepona. "Hiyo ni kazi ninayoiweza. Hebu nieleze, gogo linafanya nini hasa mle mtoni? Usifiche kitu. Wewe nipe ukweli, mimi nitautafutia ujanja."

Bi Kaa akamweleza yote, maji, majani, wadudu, kivuli, na wale arobaini na wawili chini ya tumbo lake. Sungura akasikiliza huku masikio yakipanda na kushuka. Alipomaliza, Sungura akasema, "Haya. Gogo moja itabidi litoke."

"Unasemaje?"

"Wenye kiu wameshaambiwa mwizi ni nani. Ukibishana nao watakuona wewe ndiye mshirika wake. Acha waone kwa macho. Ila gogo lenyewe nitalichagua mimi."

Asubuhi baragumu likalia, wanyama wakakusanyika na kamba za mizabibu ya porini. Kabla hawajashuka kwenye dimbwi la raia, Sungura akainama mbele ya Simba hadi masikio yakafagia vumbi.

"Mfalme, naona haya kusema. Hivi tutaanzaje kutoa mwizi kwenye dimbwi la watu wa kawaida, mwizi wa dimbwi la Mfalme bado anakunywa? Heshima ianzie juu."

Simba akavimba. "Nilikuwa naelekea kusema hivyo hivyo."

"Na gogo lenyewe lisitupwe. Lipelekwe mbele ya pango lako, lianikwe juani, litapike maji ya miaka yote. Mfalme atakuwa na chemchemi mlangoni. Si ndivyo, Bwana Fisi? Litatapika baada ya siku ngapi?"

Fisi alikuwa akifikiria kambale wa dimbwi la kifalme, wanono kuliko wote. "Tatu," akajibu haraka, huku akigeuka kuteremka bondeni. "Siku tatu tu, Mfalme."

Nyati wakavuta, nyani wakasukuma, gogo likang'oka kwa kishindo. Maji ya dimbwi la kifalme yakatoka yote kwa pamoja, shwaaa, yakateremka yakiwa na tope, majani na samaki waliopigwa na butwaa. Watu wakashangilia. Chini kwenye dimbwi lake, Bi Kaa alisikia mvumo, akaling'ang'ania gogo lake kwa miguu yote minane na makoleo yote mawili, akafumba macho. Tope lilimpiga, likamvuta, likapita. Aliporudisha pumzi akawahesabu watoto. Arobaini na wawili. Hakuamini, akawahesabu tena. Mara ya tatu aliwahesabu kwa furaha tu.

Gogo likaanikwa mbele ya pango. Simba akaketi mbele yake, mkia umekunjwa vizuri, akingoja chemchemi.

Siku ya kwanza gogo lilitoa maji ya kujaza kikombe. Fisi, aliyekuja kusalimia, akacheza ngoma. "Linaanza, Mfalme! Hayo ni ya kusafishia koo tu."

Siku ya pili halikutoa kitu. Mdudu mmoja alichungulia kwenye tundu, akamwona Simba, akarudi ndani. Mchana Simba aliteremka kwenye dimbwi lake kupoza koo, akakuta tope lenye nyayo zake mwenyewe. Ikabidi ashuke kwa raia. Wote wakasimama kwa hofu, isipokuwa Bi Kaa, aliyekuwa juu ya gogo lake akisimamia foleni.

"Karibu, Mfalme. Zamu yako ni baada ya Nungunungu."

Simba akafungua mdomo angurume, lakini koo lilikuwa kavu mno. Akapanga foleni. Na kukaa nyuma ya Nungunungu kwenye foleni, wanaojua wanajua, hakumpendezi mtu mwenye pua.

Siku hiyo hiyo Bi Kaa akateremka Kizeze, ubavu ubavu, jiwe kwa jiwe, kuona kwa nini Fisi anapenda mahali pa chini. Alifika pale kijito kinapobanwa na miamba miwili. Kati ya miamba hiyo kulikuwa na mgono, ule mtego wa fito wenye mdomo mpana, unaomkaribisha samaki kuingia ukamkatalia kutoka. Kando yake kulikuwa na rundo la miiba ya samaki lililofika kimo cha sungura. Ndani ya mgono alibaki kambale mmoja mnene, mwenye ndevu ndefu, anatweta kwenye maji ya kina cha kidole.

"Bi Kaa, jirani yangu," kambale akanong'ona, "nikate kamba nitoke. Ananiweka wa mwisho kwa sababu mimi ndiye mnono."

Bi Kaa alitamani kuikata kamba pale pale. Lakini alikumbuka vicheko vya barazani, akajua kwamba akirudi na maneno matupu watacheka tena, na safari hiyo gogo lake litatoka. "Vumilia hadi kesho, ndugu yangu," akasema, na maneno hayo yakamtoka kwa shida. Akampalilia mchanga kidogo ili maji yatuame, akapanda kumpasha habari Sungura.

Siku ya tatu gogo likapasuka kwa jua, paa! Simba akaruka pembeni, akatega ulimi. Halikutoka hata tone.

"Mfalme, usijali," Fisi akasema. Tumbo lake lilikuwa limetuna, na alipumua kama aliyebeba mzigo. "Hili ni bahili. Tuyatoe yote sita yaliyobaki, yataona aibu, yatatapika kwa pamoja. Tuanze na lile la huyu mama."

Simba alikuwa na kiu, na mwenye kiu hukubali lolote. Baragumu likalia. Mizabibu ikafungwa kwenye gogo la Bi Kaa, nyati wakajipanga. Bi Kaa akapanda katikati ya gogo, akainua makoleo yake yote mawili.

"Mkilivuta, mnivute na mimi," akasema. "Nina watoto arobaini na wawili. Sina pengine pa kuwapeleka."

Safari hii hakucheka mtu. Nyati mmoja akaiachia kamba kidogo.

"Samahani, Mfalme," Sungura akasema taratibu. "Mimi ni mjinga, nielimishwe. Maji ya dimbwi lako yaliondoka juzi. Kwenye gogo hayamo, umelichunga mwenyewe siku tatu. Sasa yako wapi? Mimi nilidhani mali ya Mfalme hufuatwa popote ilipo."

"Hufuatwa!" Simba akasema. "Maji yangu ni yangu hata yakiwa bondeni. Twendeni."

"Bondeni kuna mbu, Mfalme," Fisi akasema. "Na miiba. Na mimi nimeshaangalia, hakuna kitu."

Lakini Simba alikuwa ameshatangulia, na Bi Kaa akiwa juu ya bega lake akimwonyesha njia. Baraza zima likafuata hadi kwenye miamba miwili. Wakauona mgono. Wakaliona rundo la miiba.

"Mgono wa nani huu?" Simba akauliza.

Fisi akautazama mgono kana kwamba ameuona leo. "Mfalme, dunia ina mambo. Sijui kabisa."

"Si wako?" Bi Kaa akauliza.

"Wangu? Mimi, mwenye msaragambo, niliyekula wa mwisho? Naapa mbele ya Mfalme, si wangu, na kilichomo si changu."

"Basi kama hauna mwenyewe," Bi Kaa akasema, "hakuna atakayechukia." Akateremka kwenye bega la Simba, akashika kamba ya mgono kwa koleo lake, kwaka! Mgono ukafunguka. Kambale akajirusha, akateleza juu ya jiwe, akaelekea kwenye maji yaliyobaki.

"Kamata!" Fisi akapiga ukelele, akaruka na kujitupa kifudifudi. "Kamata huyo, ni wangu! Nilikuwa namweka wa jioni!"

Kambale alikuwa ameshazama. Fisi akabaki amelala matopeni, mikono imekumbatia jiwe. Alipoinua kichwa akakuta macho ya mlima mzima yanamtazama. Mtoto wa nyani akaanza kucheka, mama yake akacheka, na kicheko kikapanda Kizeze yote hadi ndege wakaruka mitini.

Simba hakucheka. Alikuwa amekaa siku tatu mbele ya gogo akingoja litapike, na sasa kila mmoja alijua. Akatoa kucha.

"Usimuue, Mfalme," Bi Kaa akasema.

"Unamwonea huruma?"

"Hata kidogo. Mzee Nungunungu hakumaliza masharti siku ile. Hebu amalize."

Nungunungu akakohoa, akashukuru kwa kupewa nafasi, akakohoa tena. "Kitakachoharibika, mwenye msaragambo hukitengeneza kwa mwili wake mwenyewe."

"Basi mimi naomba," Bi Kaa akasema, "apelekwe kwenye dimbwi la Mfalme. Pale panahitajika kitu kinene cha kulala kukingama mtoni. Na mwenzetu huyu, namshukuru Mungu, ameshiba."

Gogo likarudishwa mtoni. Lakini lilikuwa limekauka, limekuwa jepesi, na maji kidogo tu ya kutoka msitu wa juu yalipoligusa likainuka, likaelea, likataka kwenda zake. Bi Kaa akaligonga kwa koleo.

"Litatulia likishalowa tena hadi moyoni. Mpaka hapo, Bwana Fisi alale mbele yake alizuie."

"Siku ngapi?" Fisi akauliza kwa sauti nyembamba.

"Gogo likinywa hushiba," Bi Kaa akasema. "Halifanani na wengine."

Fisi akalala mtoni. Akalala wiki, akalala mwezi. Maji yakatuama nyuma yake, yakampanda mbavuni, yakafika kwapani. Majani yakanasa kwenye manyoya yake, wadudu wakaja kwenye majani, na samaki wakaja kwenye wadudu. Walipita mbele ya pua yake wakimsalimu mmoja mmoja, hasa yule kambale mwenye ndevu, naye Fisi hakuthubutu hata kufungua mdomo, maana Nungunungu alikuwa ameketi ukingoni, miiba yote imesimama. Siku moja alijigeuza kujikuna, dimbwi likashuka kiganja kizima, na mlima wote ukapiga kelele kwa pamoja: "Fisi, tulia!"

Watoto wa Bi Kaa walikua. Siku walipoanza kushuka tumboni kwa mama yao, mama aliwatafutia mahali pasipo na utelezi pa kujifunzia kutembea. Wakajifunzia mgongoni kwa Fisi, wote arobaini na wawili, wakimshika manyoya kwa vikoleo vyao. Bi Kaa aliwatazama akalia kidogo, kwa raha, na mtoni machozi hayaonekani.

Masika yalipokuja, yalikuja kwa fujo. Lakini gogo lilikuwa limeshashiba, limezama, limejishikilia kwenye mawe ya pande zote mbili, na mafuriko yakapita juu yake yakaacha dimbwi limejaa. Fisi akaruhusiwa kutoka. Alikuwa ameota ukungu wa kijani mgongoni.

Mwezi uliofuata Chui wa mlima wa pili alimtembelea Mfalme. Wakakaa kando ya dimbwi wakinywa taratibu. Chui akayatazama matawi meusi yaliyooza, na lile gogo lililolala majini, akakunja pua.

"Mwenzangu, mfalme mzima unaweka maiti dimbwini? Kwetu tumeyatoa yote, kijito kimenyooka kinapendeza. Nikutumie vijana wakusafishie?"

"Na mwaka jana mlikunywa wapi?" Simba akauliza.

Chui akajikuna sikio.

Simba akainama, akanywa tena hadi akatosheka, akafuta ndevu zake. "Chui ndugu yangu," akasema, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo."